Barua ya wazi kwa wakuu wa Nairobi: anayekuja kwa basi naye ni mgeni

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa Jiji la Nairobi, katika serikali ya kaunti na katika serikali kuu ya Jamhuri ya Kenya,

Yah: Mapokezi ya Mwafrika Mashariki anayeingia Nairobi kwa barabara

Salamu kutoka Arusha. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mfanyabiashara wa nguo. Mzigo wangu nanunua Eastleigh, na kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikipanda basi Arusha asubuhi na mapema, nikivuka mpaka wa Namanga, nikishuka Nairobi mchana au jioni kutegemea foleni. Haya ninayowaandikia leo niliyasema kwanza kwa faragha. Barua niliipeleka mwenyewe kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nisubiri. Nilizotuma baadaye kwa barua pepe hazikujibiwa. Nilipopiga simu kufuatilia nikaelezwa kwamba jambo hilo ni la upande wa pili, na upande wa pili ukanirudisha nilikotoka. Ndiyo maana nimeamua kuandika hadharani. Sitaitaja ofisi wala mtumishi yeyote, maana sitaki mtu afukuzwe kazi kwa ajili yangu. Nataka mambo yarekebishwe.

Naomba mnisome mkijua kwamba naipenda Nairobi. Naipenda hewa yake ya zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, inayomfanya mtu wa Arusha ajisikie hajaondoka kwao. Basi linapopita Mlolongo na kuingia Mombasa Road, naangalia upande wa kushoto kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 zilizotengwa tangu 1946, na sijui mji mkuu mwingine ambao simba wake wanalala karibu hivyo na maghorofa. Napenda kutembea Msitu wa Karura nikiwa na siku ya ziada, nikikumbuka kwamba msitu ule upo kwa sababu Profesa Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 wakiuzuia usigawanywe, kama alivyosimama mwaka 1989 kupinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Napenda wafanyabiashara wa Eastleigh, watu wanaoweza kukukabidhi mzigo kwa neno tu na ukalipa safari ijayo. Na wakazi wa Nairobi, ingawa wanakimbia kama wamechelewa wote, ukimsimamisha mmoja na kumuuliza njia atakusindikiza mpaka kona.

Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyekuja kutafuta kasoro. Kinachoniuma ni kwamba mji huu umepangwa kwa ajili ya mtu anayetua kwa ndege, anayepokelewa na gari, anayelala hotelini na anayesoma Kiingereza. Jirani anayekuja kwa basi, mwenye begi begani na mgonjwa mkononi, hakuna aliyemfikiria. Hayo ndiyo malalamiko yangu, na nayaeleza moja baada ya jingine.

1. Mahali pa kushukia

Mabasi mengi yanayotoka nje ya nchi yanashusha abiria katikati ya mji, kwenye ofisi za kampuni zilizoko upande wa River Road na Accra Road. Basi linasimama barabarani. Mizigo inatolewa kwenye buti na kuwekwa chini, kati ya matatu zinazopiga honi na mikokoteni inayotaka kupita. Wapagazi wanainyakua kabla hujaitambua.

Niliwahi kumleta shangazi yangu Nairobi kwa matibabu. Ana umri wa miaka zaidi ya sabini na magoti yake hayamsikilizi. Tulifika jioni, mvua inanyesha, na picha za eksirei alikuwa amezificha kifuani chini ya kitenge zisilowe. Swali lake la kwanza kuuliza katika mji mkuu wa Kenya lilikuwa: "Mwanangu, choo kiko wapi?" Ndani ya ofisi ya basi hakikuwapo cha abiria. Nilielekezwa choo cha kulipia mitaa miwili mbele, na ili kumshika mkono na kumpeleka ilibidi niache mabegi kwa mtu nisiyemjua. Shangazi alivuka maji ya mtaro viatu mkononi. Hapakuwa na benchi la kukalia wala paa la kujikinga, na hapakuwa na ubao wa kumwambia mtu yuko wapi.

Waheshimiwa, mwaka 2018 marais wetu walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Namanga, na leo msafiri anagongewa mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja, akiwa mkavu. Nashukuru sana kwa hilo. Itakuwaje mpakani pawe na staha kuliko mji mkuu wenyewe? Dar es Salaam nako tulikuwa na shida ya namna hii, mpaka stendi ya Mbezi Luis ilipofunguliwa mwaka 2021. Watu wanailalamikia kwamba iko mbali na mjini, na wana haki, ila hakuna anayeshushwa pale akakosa choo.

2. Njia ya mtu anayetembea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito.

Tangu 2022 mna Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Nimepita juu yake kwa teksi mara moja moja nikiwa na haraka, na ni barabara nzuri. Dakika chache tu unakata mji ambao zamani ulikula saa mbili. Lakini mara nyingi mimi niko chini yake. Chini, Mombasa Road ni vumbi na moshi uliofungiwa na zege, njia ya miguu inaanza vizuri halafu inaishia kwenye shimo au kwenye gari lililoegeshwa. Daraja la kuvukia unaliona kwa mbali, na watu waliochoka na kazi hawalifuati. Wanasimama ukingoni, wanaangaliana, mmoja anainua mkono, wote wanakimbia. Nimewaona mama wenye watoto mgongoni wakikimbia hivyo. Nami nimekimbia nao nikiwa na balo la nguo kichwani.

Wengi wa wakazi wenu huenda kazini kwa miguu au kwa matatu, na hata anayepanda matatu anaanza na kumaliza safari kwa miguu. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri ukasimama Jogoo Road utawaona, mistari mirefu ya watu wanaoelekea Industrial Area gizani. Hao ndio wanaoendesha viwanda vya mji huu, na njia yao ni ukingo wa udongo.

Wala sidai jambo ambalo ninyi wenyewe hamkuliahidi. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikasema asilimia 20 ya bajeti ya barabara itaenda kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mlisifiwa duniani kwa sera ile. Naomba mtuonyeshe kwa hesabu, mwaka baada ya mwaka, ile asilimia 20 imekwenda wapi.

Na msituambie kwamba barabara kubwa haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya kitu kidogo. Mwaka 2020, Expressway ilipofika Waiyaki Way, mti wa mugumo ulikuwa njiani na ulipangiwa kung'olewa. Wananchi walipaza sauti, likatoka agizo la rais, mti ukabaki na barabara ikaupisha. Niliposikia habari ile nilifurahi kama mti ni wa kwetu. Basi kama mugumo umepishwa, binadamu anayevuka Mombasa Road naye apishwe.

3. Nauli isiyojulikana

Asubuhi nalipa shilingi 50 kwenda Eastleigh. Jioni ile ile mawingu yakitanda kondakta anasema mia, na manyunyu yakianza anasema mia na hamsini. Hakuna bango la nauli popote. Mwenyeji anajua kubishana na anajua kusubiri. Mgeni hana la kufanya, na akifungua mdomo akatoa Kiswahili cha Tanzania, bei inapanda tena.

Kwetu nauli ya daladala inapangwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, inatangazwa, na kondakta akizidisha abiria anaweza kushtaki. Sisemi mambo yetu yamenyooka. Mabasi yaendayo haraka ya Dar, yaliyoanza 2016, yanajaza watu mpaka milango haifungi, na hilo tunalilalamikia kwa viongozi wetu. Lakini nauli tunaijua kabla ya kupanda.

Matatu naziheshimu. Michoro yake na muziki wake ni sanaa kamili, na vijana wengi wanakula kupitia hizo. Najua ni mali za watu binafsi. Lakini mwaka 2004, chini ya Waziri John Michuki, matatu hizo hizo zilifungwa mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, zikachorwa mstari wa njano, na nchi nzima iliona kwamba zikisimamiwa zinasimamika. Mnayo pia mamlaka ya usafiri wa eneo la Nairobi, NaMATA, tangu 2017. Bango la nauli kwenye kioo cha mbele halihitaji mkopo wa benki yoyote.

4. Lugha ya mabango na fomu

Katiba yenu ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Ukitembea katikati ya Nairobi hutaamini. Mabango ya njia, maonyo ya hatari, matangazo ya ofisi za umma, karibu yote ni Kiingereza peke yake, katika mji ambao muuza mahindi, askari, daktari na mbunge wote wanazungumza Kiswahili.

Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba za askari na mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nduguye yule Askari wetu wa Samora Avenue Dar es Salaam. Maandishi yake yamewekwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1920, iliona ni lazima mwananchi asome kwa lugha anayoielewa. Simameni pale chini ya mpagazi yule, mgeuke mtazame mabango mapya yaliyomzunguka.

Kwangu mimi hili lina sura ya shangazi. Hospitalini alipewa fomu ya kukubali upasuaji, yote Kiingereza, na kalamu. Wauguzi walikuwa wema, walizungumza naye Kiswahili kizuri, walimwita mama. Ila karatasi aliyotakiwa kuweka sahihi hakuweza kuisoma, wakati anasoma Kiswahili vizuri na kila asubuhi anasoma Biblia yake bila msaada. Nilimsomea nikimfasiria, na kwenye maneno ya kitaalamu nilibahatisha. Mtu hapaswi kukubali kukatwa mwili kwa maneno ya kubahatisha. Na najua wapo Wakenya wengi, wazee wa Turkana na Kwale na Busia, wanaowekewa karatasi ile ile mbele yao.

5. Malipo

Kenya mliionyesha dunia pesa ya simu mwaka 2007, na huduma hiyo ilipovuka mpaka mwaka uliofuata ilitubadilishia maisha hata sisi. Lakini sasa kuna vivutio na huduma za umma Nairobi ambako pesa taslimu haipokelewi kabisa, na malipo ni kwa laini ya Kenya au kadi ya benki. Niliwahi kufika na wanangu kwenye lango la kivutio kimoja nikiwa na shilingi za Kenya mkononi, noti halali. Zilikataliwa. Laini yangu ya Tanzania haikufanya kazi na kadi sina. Alituokoa dereva wa bodaboda, kijana asiyetujua, aliyelipa kwa simu yake nikampa noti zangu. Alikataa hata kuchukua chochote juu yake. Mapokezi ya Mkenya yule yalinigusa sana, lakini wema wa mpita njia haupaswi kuwa ndio utaratibu wa serikali.

6. Wasio na sare

Watu wawili wenye nguo za kawaida walinikamata mkono karibu na Tom Mboya Street wakisema nimevuka mahali pasiporuhusiwa na kwamba wanatekeleza sheria za jiji. Hawakuwa na sare wala kitambulisho. Walitaka tumalizane pale pale. Mpaka leo sijui kama walikuwa askari kweli au matapeli, na hilo ndilo tatizo lenyewe: mgeni hana namna ya kujua. Askari avae sare yenye namba, faini ilipwe kwa stakabadhi, na sheria za jiji zibandikwe mahali watu wanapoingilia mjini.

7. Mto

Hili nalisema kwa ufupi kwa kuwa mnalijua kuliko mimi. Mto Nairobi unanuka. Pale Bustani ya John Michuki mlithibitisha kwamba ukingo wake unaweza kusafishwa, ukapandwa miti, na watu wakakaa kupumzika. Nenda hatua chache kuelekea Gikomba uone ulivyo. Mafuriko ya 2024 yaliwaonyesha wote, Mathare hasa, mto uliosongwa unavyolipiza.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu baadhi nimeshapewa.

Mtasema fedha hazipo. Kwa mto na kwa njia za miguu nakubali fedha nyingi zinatakiwa. Lakini benchi, choo, bango la Kiswahili, bango la nauli na namba kwenye sare ya askari si miradi ya kutafutiwa mwekezaji.

Mtasema Expressway ilijengwa kwa mtaji wa mwekezaji na inalipwa na wanaoitumia. Sawa. Ardhi iliyosimamisha nguzo zake ni ya umma, na waliopoteza njia chini ya nguzo hizo hawalipwi na yeyote.

Mtasema hilo ni la kaunti, au ni la serikali kuu. Hilo limenichosha kuliko yote. Kuanzia 2020 hadi 2022 kazi kubwa za kaunti zilihamishiwa kwenye chombo cha serikali kuu, kisha zikarudishwa, na mimi abiria nikashuka pale pale River Road chini ya wote wawili. Kaeni meza moja mwamue nani anajenga nini, kisha mtutangazie jina la ofisi.

Na wapo watakaosema huyu ni Mtanzania, akashughulike na Dar na Dodoma. Nashughulika nazo, na nitaendelea. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, Kenya iliitia sahihi kwa hiari, na inasema raia wa nchi wanachama watatembea humu bila ubaguzi. Kodi ya bidhaa ninazonunua Eastleigh inaingia katika hazina yenu. Chumba ninacholala kinalipiwa, chakula ninachokula kinalipiwa. Wenzangu wa Arusha, Moshi na Mwanza wako wengi kwenye safari hiyo hiyo, na wa Kampala na Kigali pia. Aliye mgeni kwenye mpango wenu wa mji ana haki ya kuuliza.

Mkiniuliza nini kianze, nitasema kituo. Tengeni mahali pamoja kwa mabasi ya Afrika Mashariki, pawe na paa, vyoo, mabenchi, pa kuhifadhi mizigo, dawati la maelezo kwa Kiswahili, na ubao wa nauli za kwenda kila upande wa mji. Kabla hakijajengwa, zilazimisheni kampuni za mabasi kuwa na choo na sehemu ya kukaa katika ofisi zao kama sharti la leseni. Hilo linaweza kuanza mwaka huu. La pili ni fomu za hospitali za umma na za binafsi, zichapwe kwa Kiswahili pia. La tatu ni kutoa hadharani hesabu ya ile asilimia 20 ya mwaka 2015. Mengine yafuate kwa tarehe mtakazozitaja ninyi wenyewe, ila zitajwe.

Shangazi amepona, na anatakiwa kurudi kliniki Nairobi. Ameniomba tusafiri usiku ili tufike kumekucha, aweze kuona anapokanyaga. Ningependa kumjibu kwamba hakuna haja.

Nitakuwa Nairobi mwezi ujao kufuata mzigo. Nikipewa miadi, nitafika saa na mahali mtakapotaja, nikiwa na nakala ya barua zangu za mwanzo zenye muhuri wenu. Mkipendelea kunijibu kwa maandishi, naomba jibu liwe kwa Kiswahili, lenye jina la ofisi itakayoshughulikia kila jambo na tarehe ya kulianza.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika Jumuiya,
Mfanyabiashara wa nguo, Arusha, Tanzania

Nakala:
Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha
Bunge la Kaunti ya Nairobi
Ubalozi wa Tanzania, Nairobi